Projekta, swichi ya HDMI na kipanya kisicho na waya: mwongozo kamili wa kuviunganisha

Kazi hii ina mpangilio wake, nami nausisitiza tangu mwanzo: mwanga (projekta) kwanza, njia ya ishara (waya na swichi) pili, mkono (kipanya) mwisho. Wengi huanza na kilicho karibu. Wanachomeka kipokezi cha kipanya, wanaunga waya, kisha wanawasha projekta watu wakiwa wameshakaa, na ukuta unabaki bluu mtupu. Mara nyingi hakuna kifaa kilichoharibika. Vifaa vimeshindwa kuamkiana tu, na kulitafuta kosa huku macho yote yakikutazama ni mateso ambayo mtu anaweza kuyaepuka.

Mwanga, njia na mkono vilikutana mbele ya hadhira tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco. Mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart alikaa jukwaani akitumia kipanya, ilhali kompyuta yenyewe ilikuwa Menlo Park, kilomita zipatazo 48 kutoka hapo. Picha zilisafiri kwa mawimbi ya redio ya maikrowevu, zikakuzwa na projekta aina ya Eidophor, mashine iliyochora picha kwa miale ya elektroni juu ya utando wa mafuta. Bill English, aliyekitengeneza kipanya cha kwanza, alikuwa nyuma ya pazia akiongoza mitambo na kuamua picha ipi ionekane lini. Wasilisho lile lilichukua dakika 90 na lilihitaji kikosi kizima cha wahandisi. Leo kazi ileile inaingia kwenye begi moja, lakini sehemu zake ni zilezile tatu, na kila moja inakwama kwa namna yake.

Mwanga: pima chumba kabla ya kugusa menyu

Anza na futi kamba, projekta ikiwa bado imezimwa. Pima umbali kutoka ukutani hadi kiti cha mwisho. Kama watu watasoma maandishi ya kawaida, aliye nyuma kabisa asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha. Picha ya inchi 100 kwa umbo la 16:9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125, hivyo kiti cha mwisho kisizidi mita saba na nusu. Kama chumba ni kirefu kuliko hapo, kuza picha au kuza herufi. Macho ya watu hayakuzwi.

Sasa tafuta mahali pa kuiweka projekta. Kwenye karatasi ya maelezo yake kuna namba inayoitwa uwiano wa urushaji: umbali wa lenzi hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha. Ikiwa namba hiyo ni 1.5 na unataka upana wa sentimita 221, zidisha: sentimita 332. Weka lenzi mita 3.3 kutoka ukutani. Projekta za karibu zina uwiano chini ya 1, nazo zinafaa pale ambapo msemaji angekuwa anakatiza mwanga kila anaposogea.

Projekta ikae sawa na ukuta: isiinuliwe pua, isipindwe upande. Watu huiweka mezani, huiinua kwa kitabu, picha inapanuka juu na kubana chini, kisha wanaifuata menyu ya kistoni kunyoosha pembe. Naomba uifanye hiyo iwe njia ya mwisho kabisa. Kistoni hainyooshi mwanga. Inaminya picha ndani ya chipu ili ipinde kinyume cha kosa, na katika kuminya huko inapoteza pikseli, inatia ukungu kwenye herufi ndogo, na kwenye projekta nyingi inachelewesha picha. Ongeza kimo cha meza, tafuta stuli, isogeze mpaka lenzi itazame ukuta moja kwa moja. Kama projekta yako ina gurudumu la kusogeza lenzi, litumie bila wasiwasi, maana hilo linahamisha picha bila kuiharibu.

Kuhusu ung'avu, kuna jambo moja ambalo likieleweka linabadilisha namna unavyopanga chumba: projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi unaouona ukutani ni rangi ya ukuta wenyewe chini ya taa za chumba. Fanya hesabu hii. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote inaoutoa) kwenye picha yetu ya inchi 100, yenye eneo la mita za mraba 2.76, inatoa laksi zipatazo 1,087, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Taa za chumba zikiangusha laksi 300 juu ya ukuta huo, sehemu nyeupe zina 1,387 na zile "nyeusi" zina 300. Kontrasti, yaani weupe ukigawanywa kwa weusi, ni kama 4.6 kwa 1. Kiwango cha Marekani cha kontrasti ya picha, ANSI/INFOCOMM 3M cha mwaka 2011, kilitaka angalau 7 kwa 1 kwa kutazama tu, na 15 kwa 1 pale watu wanaposoma na kuamua. Zima safu ya taa iliyo mbele, mwanga wa chumba juu ya ukuta ushuke hadi laksi 70, na projekta ileile inapanda hadi 16 kwa 1. Hujanunua chochote. Umebonyeza swichi ya taa. Ndiyo maana mtu akiniambia projekta yake imechoka, swali langu la kwanza ni taa ipi inawaka juu ya skrini.

Baada ya hapo, washa projekta uiache ipate joto kwa dakika kama 15 hadi 20 kabla ya kurekebisha ukali wa picha. Lenzi na kiti chake hutanuka kwa joto, na fokasi uliyoiweka ikiwa baridi husogea polepole. Weka herufi ndogo katikati na kwenye pembe zote nne, zungusha pete ya fokasi mpaka katikati pakae vizuri, kisha kagua pembe. Pembe moja ikibaki na ukungu, projekta imekaa upande. Rudi kwenye meza, usipigane na pete.

Inafaa pia ujue mwanga wako unatoka kwenye chipu ya aina gani, kwa sababu kila aina inaugua kivyake. Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments alivumbua mwaka 1987 chipu yenye vioo vidogo sana, kimoja kwa kila pikseli, kila kimoja kikiinama upande huu au ule maelfu ya mara kwa sekunde. Chipu ya 1024 kwa 768 ina vioo 786,432. Kioo kikiwa kwenye mwinamo wa kuwaka, mwanga unaelekea lenzi. Kikigeukia upande wa pili, mwanga unamezwa ndani ya boksi. Hiyo ndiyo DLP. Nukta nyeupe isiyoondoka ukutani ni kioo kilichokwama, na mstari wa rangi unaomulika ukigeuza macho haraka unatokana na gurudumu la rangi linalozunguka mbele ya taa. Aina ya pili hupitisha mwanga kwenye vipande vitatu vya LCD, vya nyekundu, kijani na bluu. Huko hakuna gurudumu, lakini vumbi likiingia ndani unaona doa laini la rangi, mara nyingi linaloonekana zaidi picha ikiwa nyeusi. Dawa yake kubwa ni kusafisha chujio la hewa kabla vumbi halijafika ndani.

Njia: hodi, karibu, habari

Angalia plagi ya HDMI kwa karibu, uigeuze kwenye mwanga. Ina pini 19, na wengi wanadhani zote zinabeba picha. Nne kati yake ndizo zinazostahili kujulikana kwa namba. Pini ya 18 hubeba volti 5 kutoka laptopu: hiyo ndiyo hodi. Projekta ikiisikia, inapandisha volti kwenye pini ya 19: karibu. Baada ya hapo laptopu inauliza habari kupitia pini ya 15 na ya 16, na projekta inajibu kwa kijitaarifa kiitwacho EDID, baiti 128 za msingi zinazotaja jina lake, ukubwa wa picha inazoweza kuonyesha na kasi zake. Ndipo picha inaanza kutembea. Kwa filamu zilizolindwa kuna hatua nyingine ya kuhakikiana, HDCP, na hiyo ikigoma unaweza kuona menyu vizuri huku filamu ikibaki nyeusi.

Ukiyajua mazungumzo haya, mpangilio wa kuwasha hauhitaji kukaririwa. Anayepokea hodi awe nyumbani kabla ya mgeni kufika. Kwa hiyo washa projekta, subiri iwake kabisa na uichague HDMI sahihi. Kisha ipe swichi umeme. Mwisho chomeka laptopu. Picha isipokuja, usianze kuvuta kila waya. Chomoa waya wa laptopu tu, hesabu hadi kumi, uurudishe, ili hodi ipigwe upya. Ikiwa bado, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague picha ionekane pande zote mbili. Kama hilo nalo halisaidii, ruka swichi na uunge laptopu moja kwa moja na projekta. Jaribio hilo la dakika moja linakuambia ugonjwa uko upande upi.

Kuhusu swichi yenyewe, kwanza hakikisha umenunua swichi. Swichi inapokea vyanzo vingi na kutoa kimoja. Splita inapokea kimoja na kukigawa kwenda skrini nyingi. Maboksi yanafanana kwa sura, na matundu ya nyuma yanatofautishwa na maandishi madogo tu, kwa hiyo soma yale yanayoonyesha ipi ni ya kuingilia na ipi ya kutokea. Wazo la kifaa kinachochagua njia bila mtu kuhamisha plagi kwa mkono ni la zamani: Almon Strowger, mzika maiti wa Marekani, alipata hataza ya swichi ya simu inayojiendesha mwaka 1891. Katika swichi za aina hiyo zilizokuja kuenea, mkono wa chuma ulipanda ngazi kumi na kuzunguka nafasi kumi, ukafikia laini 100. Kisanduku chako cha HDMI kinafanya uamuzi wa aina hiyohiyo ndani ya chipu.

Kuna tabia moja ya swichi ambayo naiogopa kuliko zote, nayo ni kujibadilisha yenyewe. Nilikuwa nikisaidia kwenye mafunzo fulani, msemaji yuko katikati ya mchoro wake, mara mchoro ukatoweka na ukutani ikajitokeza barua pepe ya mtu mwingine, wazi, herufi kubwa, kila mtu akiisoma. Laptopu ya pili ilikuwa imelala pembeni ikiwa imeungwa. Mwenyewe aliigusa tu, ikaamka, ikapeleka volti 5, na swichi ikamkaribisha mgeni mpya kama ilivyofundishwa. Mwenye barua alifedheheka bila kosa lolote. Tangu siku hiyo sikubali swichi isiyoweza kuzimwa tabia hiyo. Tafuta kitufe au swichi ndogo ya pembeni inayoandikwa otomatiki, uiweke upande wa kuchagua kwa mkono. Kama haipo, laptopu isiyo na zamu isiungwe kabisa.

Jambo la pili la kuuliza kabla ya kununua ni kama swichi inatunza EDID. Swichi za bei nafuu zinamkatia mawasiliano yule asiyechaguliwa. Laptopu yake inadhani skrini imeondolewa, inakusanya madirisha yote kwenye skrini yake ndogo, na zamu yake ikifika inaanza maamkizi upya huku ukuta ukiwa mweusi kwa sekunde kadhaa. Swichi inayotunza EDID hujibu kwa niaba ya projekta muda wote, hivyo kila laptopu inaendelea kuamini kwamba skrini ipo. Tofauti hiyo utaiona kila unapobonyeza kitufe.

Urefu wa waya nao usiupuuze. Waya wa kawaida wa shaba hufanya kazi vizuri hadi mita 5, wakati mwingine 10, kutegemea ubora wake na ukubwa wa picha. Zaidi ya hapo utaanza kuona vichembe vinavyometameta au picha inayokatika na kurudi. Kwa umbali mrefu tumia HDMI ya nyuzi za mwanga, ukikumbuka kwamba nyingi zina mwelekeo: upande mmoja umeandikwa chanzo na mwingine skrini, na ukiugeuza haitoki picha yoyote. Au tumia vifaa vya HDBaseT vinavyopitisha kila kitu kwenye waya wa mtandao hadi mita 100.

Picha ikishakuja, nenda kwenye mipangilio ya laptopu uiweke kwenye idadi ya pikseli ambazo chipu ya projekta inazo kweli. Hapa wauzaji wanatumia neno "inapokea 1080p" kwa projekta ambayo chipu yake ni 800 kwa 480. Kupokea na kuonyesha ni mambo mawili. Kipimo ni rahisi: fungua picha yenye mistari myeusi na myeupe, kila mstari wa unene wa pikseli moja. Ukiona mistari safi, pikseli zinakaa moja juu ya moja. Ukiona mawimbi ya kijivu, picha inanyooshwa au kuminywa mahali fulani, kwenye laptopu, kwenye swichi au kwenye kistoni uliyoisahau.

Mkono: kipanya, kibodi na kile kijiti cha kubadilishia kurasa

Anza kwa kutambua kifaa chako kinazungumza kwa njia gani. Rimoti nyingi za projekta hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho na usiopenya mtu wala meza. Ukitaka kujua kama rimoti ni nzima, ielekeze kwenye kamera ya simu ubonyeze kitufe. Kamera nyingi, hasa za mbele, zitaonyesha kijitaa cheupe au cha zambarau kikipepesa kwenye ncha ya rimoti. Kijitaa kikionekana na projekta haiitikii, tatizo ni pembe au kitu kilichoziba kipokezi cha projekta. Kisipoonekana, badilisha betri. Kibodi za kwanza zisizo na waya zilitumia mwanga huu pia. IBM ilitoa moja pamoja na kompyuta ya PCjr iliyotangazwa mwaka 1983, na yeyote aliyekatiza mbele yake alikatiza na herufi.

Kipanya cha leo kinatumia redio, kwa kawaida masafa ya 2.4 GHz, ama kwa Bluetooth ama kwa kipokezi chake kidogo cha USB. Masafa hayo yana msongamano, kwa sababu Wi-Fi ipo hapohapo. Bluetooth ya kawaida hukwepa kwa kurukaruka: ina chaneli 79 na inahama mara 1,600 kwa sekunde, ikiziacha zile zenye kelele. Hedy Lamarr, mwigizaji, na George Antheil, mtunzi wa muziki, walipata hataza mwaka 1942 ya mfumo wa kurukaruka kati ya masafa 88, idadi ya vitufe vya piano, ili adui asiweze kuvuruga redio ya kuongozea torpedo.

Kwa chumba cha watu wengi mimi huchagua kipokezi cha USB, kwa sababu kinahama kutoka laptopu moja hadi nyingine bila kuoanishwa upya. Ila mahali unapokichomeka pana uzito mkubwa. Matundu ya USB 3 na waya zake hutoa kelele ya redio inayoangukia karibu kabisa na 2.4 GHz. Intel ililieleza tatizo hili mwaka 2012. Dalili zake ni mshale unaoruka, herufi inayokosekana, kitufe kinachohitaji kubonyezwa mara mbili, hasa pale diski ya nje ya USB 3 inapokuwa imechomekwa jirani. Toa kipokezi hapo, kiweke kwenye tundu la USB 2, au kining'inize kwenye waya wa nyongeza wa mita moja kikae juu ya meza kikimtazama mtumiaji. Kompyuta ya mezani yenye boksi la chuma inastahili waya huo kila siku, maana kipokezi kikiwa nyuma yake kimejificha kwenye kivuli. Mwili wa binadamu nao una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi hayo. Kundi la watu likikaa kati ya msemaji na kipokezi, kipanya kilichofanya kazi vizuri chumba kikiwa kitupu kinaweza kuanza kusita.

Ukitumia swichi ya KVM, ile inayohamisha picha pamoja na kibodi na kipanya, chomeka kipokezi kwenye tundu lake la USB la kawaida, si kwenye lile lenye alama ya kibodi. Matundu yenye alama mara nyingi yanaigiza kibodi au kipanya cha kawaida, na kipokezi kinachobeba vyote viwili kinaweza kutotambuliwa.

Mshale ukionekana mzito ukutani, usimlaumu kipanya kabla ya jaribio hili. Weka laptopu ionyeshe picha ileile kwake na ukutani, kisha zungusha mshale kwa kasi ukitazama skrini zote mbili. Kama wa laptopu unafuata mkono na wa ukutani unachelewa, uzito uko kwenye projekta. Kipanya cha kawaida hutoa taarifa kila milisekunde 8, ilhali fremu moja ya projekta kwa kasi ya fremu 60 kwa sekunde huchukua milisekunde 16.7, na kila fremu inayozuiwa ili ichakatwe inaongeza nyingine. Zima kistoni, zima viboresha picha, washa hali ya michezo kama ipo. Kama mishale yote miwili inasita kwa pamoja, hapo ndipo urudi kwenye kipokezi na betri.

Lipo pia suala la usalama, na nalichukulia kwa uzito. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha udhaifu walioupa jina MouseJack: baadhi ya vipokezi vya USB vilikubali amri zisizosimbwa, hivyo mtu aliye mbali angeweza kutuma herufi kama vile ameketi kwenye kibodi yako. Tembelea ukurasa wa mtengenezaji wa kipokezi chako, sasisha programu yake ya ndani, na kama ni cha zamani kisichosasishika, kitoe kwenye kompyuta inayoshika mambo ya siri.

Mazoezi kabla ya watu kuingia, na kufunga kazi

Fanya mzunguko mmoja kamili, chumba kikiwa na mwanga uleule utakaotumika. Washa kwa mpangilio, badilisha vyanzo vyote kwenye swichi mmoja baada ya mwingine, cheza sekunde chache za video yenye sauti, kisha nenda mpaka pembe ya mbali kabisa ambako msemaji anaweza kufika na ubadilishe kurasa kutoka huko. Laze laptopu usingizi, uiamshe, uone kama picha inarudi yenyewe. Betri mpya ziwe mfukoni, si kwenye gari.

Mkimaliza, zima projekta kwa kitufe chake na uiache feni izunguke mpaka isimame yenyewe ndipo uchomoe umeme. Taa za zebaki hufanya kazi kwa joto na shinikizo kubwa, na kuzikatia hewa ghafla kunafupisha maisha yake. Wakati feni inazunguka, toa kipokezi kwenye laptopu ya mgeni kabla hajaondoka nacho, kirudishe kwenye kijishimo chake chini ya kipanya, na uzime kitufe cha kipanya ili betri isiishe ndani ya begi.